Bibi Harusi wa Siku ya Utamaduni

Mtu akikuambia kwamba kukaa ndani ya aqal saa sita mchana Garissa ni raha, mwambie aje akae yeye. Nyumba ile ya mikeka ilijengwa na akina mama wanane katikati ya uwanja wa shule kwa muda wa saa mbili, na ukiiangalia kutoka nje ilipendeza kweli kweli. Mimi nilikuwa ndani. Nilifunikwa shuka jekundu kutoka kichwani hadi magotini, chetezo cha ubani kikifuka karibu na pua yangu, na jasho likinitiririka mgongoni.

Lakini joto nimelizoea, nimezaliwa nalo. Kilichoninyima utulivu ni kalenda. Siku ile ilikuwa Jumanne. Ijumaa wazee wa Abdihafid walikuwa wanakuja nyumbani kwetu kuniposa, na baba yangu, Mzee Sugow, alikuwa ameshaniambia kwamba atawajibu ndiyo.

"Abaayo, acha kutikisa huo mguu," Roda alininong'oneza. "Bibi harusi gani ana mguu kama cherehani?"

Roda anafundisha Hesabu. Tulipangiwa shule hii mwaka mmoja, tukawa kama ndugu, ndiyo maana huniita abaayo, dada, na yeye peke yake ndiye aliyejua siri yangu. Siri yenyewe ilikuwa nje, hatua mbili kutoka kwenye mlango wa aqal, imevaa macawiis mpya, kile kikoi cha Kisomali, na shali jeupe, imekaa juu ya mkeka ikijifanya bwana harusi.

"Amekaaje?" niliuliza.

Roda alichungulia kwenye upenyo wa mikeka. "Amekaa kama mtu anayengoja kung'olewa jino."

"Anastahili."

"Timiro! Bado umemkasirikia?"

Ndiyo, nilikuwa nimemkasirikia. Jumatatu jioni, tulipokuwa stoo tukihesabu mikeka na vibuyu, mimi, Roda na Yakub, bwana harusi mwenyewe, nilimuuliza Yakub swali moja tu. Nilimuuliza anangoja nini kutuma wazee wake kwa baba yangu. Akainama, akaanza kuchezea kamba ya kibuyu.

"Timiro, unajua hali ya nyumbani. Ukame ulimaliza mifugo ya mzee. Wamebaki ngamia wanne, na wawili wana mimba. Nikija kwa babako mikono mitupu atanicheka. Ngoja wazae, walau nije na kitu cha kutaja."

"Ngamia anabeba mimba mwaka mzima na zaidi, Yakub. Ijumaa ni keshokutwa na siku mbili."

"Nakuomba ungoje."

"Kamwambie hivyo Abdihafid!" nikamwambia, nikaondoka na kibuyu mkononi, sikumbuki hata nilikuwa nakipeleka wapi.

Nisije nikaonekana namsema Abdihafid vibaya. Ni mtu mzuri. Ana duka la jumla kule Ifo, anasali, hatafuni miraa, na mamangu Bishara anasema hata sauti yake haijawahi kusikika ikipanda. Ana kasoro moja tu, kwamba yeye si Yakub. Huwezi kumwambia baba wa Kisomali maneno kama hayo ukabaki umekaa.

Kuhusu Yakub, baba hakuwahi hata kumwona. Alisikia tu minong'ono kwamba yuko mwalimu fulani wa Jiografia, mtu wa Hadado huko Wajir, ananiangalia sana. Akasema akiwa anakunywa chai, bila hata kunitazama, "Mwalimu wa serikali ni mgeni wa kila mji. Leo Garissa, kesho Mandera. Binti yangu si mzigo wa kupakiwa kila muhula." Mada ikafungwa hapo. Nami sikuthubutu kuifungua.

Sasa utauliza, ilikuwaje nikawa bibi harusi wake wa mchezo? Shule yetu ni ya wasichana. Siku ya Utamaduni kila kabila linaonyesha lake: Wakamba wanaruka na ngoma zao, Wapokomo wanaimba, Waborana wanaleta maziwa yao, na sisi mwaka huu tulichagua arusi. Bwana harusi ilibidi awe mwalimu, na Yakub ndiye kijana pekee aliyejua kufunga macawiis bila kusaidiwa. Bibi harusi alikuwa awe Fatumo wa kidato cha tatu. Asubuhi ile mamake akaja mbio, akasema mtoto wake hapambwi arusi kabla ya arusi yake, akamwondoa. Mgeni rasmi yuko njiani, watoto wanalia. Nikasema bibi harusi amefunikwa tu, yeyote anaweza kuingia. Nikaingia mimi.

Maalim Khalif, anayefundisha Dini, alikuwa ametuonya tangu mazoezi ya kwanza. "Chezeni kila kitu," alisema, "ila maneno ya ndoa yenyewe. Ndoa haina mzaha. Baba akisema nimekuoza, na mtu akasema nimekubali, na mashahidi wapo, usije kwangu baadaye ukaniambia mlikuwa mnacheza." Basi tukapanga hivi: baba wa bibi harusi angekuwa Abdow, askari wa lango letu, ambaye hata hana binti. Angepokea wageni, angesifu ukoo wao, na kabla ya maneno yenyewe angegonga bakora chini mara moja. Hapo wasichana wapige ngoma na vigelegele, tuambiwe arusi imekwisha, twende tukale.

Mpango mzuri. Ulidumu mpaka gari la mgeni rasmi lilipopiga honi langoni.

"Abdow anakimbia!" Roda alisema, jicho kwenye upenyo. "Anaenda kufungua lango. Wallahi, ameacha kiti kitupu!"

"Si atarudi?"

"Magari matano, Timiro. Na kila dereva anataka kivuli."

Nikasikia sauti ya mwalimu mkuu wetu, Bi. Kanini. Ni mama wa kutoka Kitui, mchapakazi, hapendi kitu kisimame. "Hatuwezi kukaa hivi wageni wakitutazama! Mzee wangu, wewe hapo mbele mwenye kofia nzuri, hebu tuokoe. Kaa hapa kwa kiti cha baba."

"Mimi?" sauti ya mwanamume ikajibu. "Bole bole, mama. Mimi nakuja kuona watoto, sio kucheza."

Mguu wangu uliacha kutikisika. Sauti ile ilinifundisha Al-Fatiha.

"Roda," nilisema, "niambie si yeye."

Roda alichungulia tena. Alifunika mdomo kwa kiganja.

"Ni dakika kumi tu, mzee," Bi. Kanini alibembeleza. "Unajua haya mambo kuliko sisi."

"Hii kitu?" Baba akacheka, na watu wakacheka naye. "Hii kitu najua sana. Mimi naoza watu mingi hapa Garissa."

Na ni kweli. Baba yangu ni dalali wa ngamia, na hakuna arusi ya ukoo wetu inayofanyika bila yeye kushika mkono wa mtu. Akipewa watu wa kumsikiliza husahau hata dawa zake. Nikasikia kiti kikilia chini ya uzito wake.

"Yakub hamjui kwa sura?" Roda aliuliza.

"Hamjui. Wala baba hamjui Yakub. Roda, toka nje ukamwambie baba agonge bakora!"

"Nitoke vipi? Umati wote unatazama mlango huu. Nitamwambia nini, mzee gonga bakora? Ataniuliza kwa nini."

Mchezo ukaanza. Kwa ajili ya wageni ulikuwa kwa Kiswahili, na baba alijitahidi sana. Aliwakaribisha wazee wa bwana harusi, yaani wasichana wanne wa kidato cha pili wenye ndevu za pamba. Aliwauliza safari, akauliza mvua, akauliza mifugo. Watu walicheka mpaka mikeka ikatetemeka. Kisha akaanza kusifu binti anayeombwa, na hapo hakuwa anacheza tena. Alisema binti huyu aliwahi kubeba mwanambuzi mgongoni siku nzima akiwa na miaka sita. Mwanambuzi yule ni wangu mimi. Kisa hicho Yakub nilishamsimulia.

"Anaongea juu yako," Roda alisema.

"Najua."

"Lete mkono, kijana," baba akasema.

Nilijivuta nikalisukuma jicho langu kwenye upenyo, shuka likanianguka mabegani. Niliwaona wote wawili kwa upande. Baba aliushika mkono wa kulia wa Yakub, kidole gumba juu ya kidole gumba, na bakora yake ilikuwa imelala magotini, imetulia, haina habari. Wasichana wa ngoma walikuwa wanaitazama bakora ile, vijiti juu, wakingoja.

Baba hakugonga chochote. Alikohoa, akaacha Kiswahili. Maneno yakamtoka kwa Kisomali na Kiarabu, kwa ile sauti yake ya Ijumaa, kama yalivyomtoka kwenye arusi za watu wengine miaka yote. Na pale jina la binti lilipohitajika, ulimi wake ukachukua lililo karibu.

"Nimekuoza binti yangu Timiro, kwa sharia ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, kwa mahari ya Kurani na ngamia mmoja. Sema nimekubali."

Bi. Kanini akapiga makofi. Wazazi wa Kikamba na wa Kiluhya wakapiga makofi, wakidhani ni kipande kizuri cha mchezo. Lakini kila mtu aliyeelewa lugha yetu alinyamaza, na kwa Garissa hao ni wengi sana. Maalim Khalif alisimama, mkono mmoja hewani, mdomo wazi. Mama mmoja alisema "Subhanallah" kwa sauti ndogo.

"Amekutaja," Roda alinong'ona. "Timiro, amekutaja jina!"

Sitaficha nilichokitaka. Nilitaka Yakub aseme. Neno moja tu. Baba mwenyewe, ulimi wake mwenyewe, mashahidi nusu ya mji. Ijumaa ingekufa pale pale, Abdihafid angetafuta mke mwingine mwema, na mimi ningetoka kwenye aqal ile nikiwa mke wa mtu ninayempenda. Nilibana midomo, nikasema ndani kwa ndani: sema, sema, sema.

Yakub alikuwa kimya.

"Sema, kijana," baba akamhimiza. Bado alikuwa anafurahia. "Watu wanangoja."

Yakub akainama mpaka mdomo wake ukakaribia sikio la baba. Walio mbali hawakusikia kitu. Mimi nilikuwa hatua mbili, nilisikia yote.

"Adeer, mzee wangu, niachilie mkono."

"Nini?"

"Umemtaja binti yako mwenyewe kwa jina. Nikijibu sasa hivi, nitakuwa nimekuibia."

Baba akamtazama. Niliona furaha ikimtoka usoni polepole, na akili ikirudi nyuma kuyakusanya maneno aliyoyasema.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

"Mimi ni Yakub Alio, mtu wa Hadado. Nafundisha hapa. Binti yako namtaka, adeer, namtaka kuliko ninavyoweza kukueleza, na nimekaa miezi nikiogopa kuja kwako kwa sababu hatuna mifugo. Nilikosea kungoja. Lakini simchukui kwa mchezo wa shule. Nitakuja mlangoni kwako na wazee wangu. Ukitaka kunikataa, nikatae ukinijua."

Baba aliuachia ule mkono kama amegusa sufuria ya moto. Bakora ikamponyoka magotini, ikaanguka chini, ko! Wasichana wa ngoma, maskini, walikuwa wamengoja sauti ile tu. Ngoma zikalipuka. Maalim Khalif akaona mwanya, akapaza sauti, "Vigelegele! Vigelegele, akina mama!" na vigelegele vikamwagika, vumbi likapanda, mchezo ukaisha. Bi. Kanini alikuwa anafuta machozi kwa kucheka.

Mimi nilitoka kwa nyuma. Niliupasua mkeka mmoja ambao akina mama hawajanisamehe mpaka leo, nikapita na shuka langu jekundu likiburura, Roda akinikimbilia nyuma. Tulimkuta Yakub nyuma ya jiko la shule, amejiegemeza ukutani.

"Ulikuwa na neno moja!" nilimwambia. "Neno moja, Yakub!"

"Nilikuwa nalo."

"Ningekuwa mke wako sasa hivi."

"Ungekuwa. Na babako angekuwa mzee aliyetapeliwa binti yake mbele ya mji mzima, na mwalimu wa Jiografia. Ungekula naye vipi siku ya Idi? Ungemtazama wapi?"

"Ningejua mwenyewe pa kumtazama! Jana umeniambia ngoja. Leo Mungu amekuwekea mkononi, umesema hapana. Wewe hunitaki. Sema tu hunitaki, nikaolewe Ifo nipumzike."

"Sikusema hapana." Macho yake yalinitazama moja kwa moja, si kama jana. "Nimemwambia jina langu. Jana nisingeweza. Unafikiri ilikuwa rahisi kulimeza lile neno? Lilikuwa limefika hapa." Akaonyesha kooni.

Nikalia. Roda akanivuta shuka kichwani nisionekane.

"Timiro," mtu akaita.

Baba alikuwa amesimama kwenye kona ya jiko. Alikuwa peke yake, kofia mkononi, na upara wake uking'aa kwa jasho. Sijawahi kumwona nje bila kofia.

"Wewe nenda," alimwambia Yakub, bila ukali na bila upole. Yakub akaweka mkono kifuani, akaenda zake. "Na wewe, mwalimu, tupishe." Roda naye akaenda, si mbali sana, namjua.

Baba alivuta jerikeni tupu, akaligeuza, akalikalia. Mbele uwanjani Wakamba walikuwa wameanza ngoma yao, filimbi zinalia, watoto wanapiga kelele.

"Aabo," alisema. Baba zetu hutuita sisi watoto kwa jina lao wenyewe, yaani baba, wakiwa na huruma, na tangu habari ya Abdihafid ianze hakuwa ameniita hivyo. "Ni yeye?"

"Ni yeye, aabo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, muhula wa pili."

"Na hukuniambia."

"Ulisema mwalimu ni mgeni wa kila mji. Ulisema mimi si mzigo."

"Nilisema." Alikizungusha kile kikofia vidoleni. "Mkono wake ulikuwa umelowa jasho. Nilidhani anaogopa watu." Akakitazama kiganja chake. "Nimeshika mikono mingi, Timiro. Ya wanunuzi, ya wauzaji, ya mabwana harusi. Mtu ukimwekea kitu anachokitaka mkononi, mkono unafunga wenyewe, hata kabla hajafikiri. Huu ulifunga. Kisha akaniomba nimwachie."

Nilikaa chini kwenye mchanga na shuka langu la arusi.

"Abdihafid ni mtu mzuri," baba akasema.

"Ni mtu mzuri sana."

"Sijampa neno bado. Mimi nilikuambia wewe, yeye sijamwambia."

"Naam, aabo."

"Leo neno langu limetoka. Kwa upumbavu, lakini limetoka, na watu wamesikia limeenda kwa nani." Alivaa kofia, akaisawazisha taratibu kwa mikono miwili.

"Mzee!" Bi. Kanini alitokea akiwa na sahani ya pilau. "Umetuweza leo! Mwaka ujao lazima urudi!"

"Haiwezekani, mama," baba akajibu kwa Kiswahili chake. "Hii kazi hapana rudia." Akaipokea sahani, akashukuru, akaanza kuondoka nayo kuelekea kwenye viti. Alipofika kwenye kona akasimama, akanipa mgongo.

"Ijumaa nina wageni," alisema. "Alhamisi sina."

"Aabo?"

"Hadado ni mbali, na barabara unaijua. Wazee wakitaka kufika Alhamisi hawalali nyumbani leo." Akaonja pilau, akakunja uso kwamba haina chumvi, akaenda zake.

Nilikimbia. Nilikatiza uwanja wote na shuka jekundu nimelikunja mkononi, nikapita katikati ya Wakamba wakiwa hewani, wasichana wangu wakipiga kelele, "Madam anatoroka arusi!" Yakub nilimkuta kwenye tangi la maji, amenawa uso, maji yanamdondoka kidevuni.

"Toa simu," nikamwambia. "Mpigie mzee wako. Waondoke sasa hivi, wafike Alhamisi."

Alinitazama kama haelewi lugha. Kisha akaelewa, akaichomoa simu kwa pupa, ikaanguka kwenye tope. Niliiokota, nikaifuta kwa shuka la arusi, nikamrudishia.

"Timiro," alisema, "ngamia bado hawajazaa."

"Waache," nikamwambia. "Piga."